Kisanduku Kisicho na Neno

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa mkasi wa kucha. Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mkewe alimpigia simu ofisini kuuliza mkasi uko wapi, naye akamjibu kwamba uko juu ya friji, nyuma ya redio. Akasikia kandambili zikiburutwa hadi jikoni, akasikia redio ikisogezwa, kisha mkewe akasema, "Nimeuona. Mtu mzima anaficha mkasi wa kucha kama dhahabu ya urithi." Akakata simu bila kuaga, kama alivyozoea kufanya kwa miaka kumi na tisa.

Ofisini mume huyu aliitwa Bwana Chati. Alifanya kazi katika idara ya maji, kwenye chumba cha watu wanne, na kazi yake ilikuwa kuchora taratibu: mteja anayetaka kuunganishiwa bomba aanzie wapi, apite kwa nani, akikataliwa arudi wapi. Kila hatua aliiweka ndani ya kisanduku, kila swali aliliweka ndani ya umbo la almasi lenye njia mbili, Ndiyo na Hapana, na vyote akaviunganisha kwa mishale. Alikuwa hodari wa kazi hiyo na hakuwa hodari wa mambo mengine mengi.

Mkewe alikuwa ametoka hospitalini siku nane kabla, baada ya nimonia iliyomlaza wiki tatu. Likizo yote ya mwaka Bwana Chati aliimalizia kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha wodi, hivyo siku mgonjwa aliporuhusiwa kurudi nyumbani ndiyo siku mume alipotakiwa kurudi kazini. Hawakuwa na watoto. Zilikuwapo dawa nne, kila moja na masharti yake: hii kabla ya kula, ile baada ya kula, hii usinywe ukisikia kizunguzungu, ile ukishainywa lala nusu saa. Akafanya alichokijua. Akamchorea mkewe chati ya siku nzima, toka kuamka hadi kulala, akaichapa kwenye karatasi kubwa.

"Umenichora kama mashine ya kufulia," mkewe alisema alipoiona. "Nikimaliza nilie pii-pii?"

"Ukimaliza ulale."

"Haya, fundi."

Alicheka, lakini aliifuata. Shavu likaanza kurudi, na kikohozi kikapungua.

Mchana wa Jumanne ileile daktari alipiga simu kusema kwamba dawa ya njano isitishwe. Bwana Chati alifungua faili wakati wa mapumziko, akakifuta kisanduku cha dawa ya njano, na chati nzima ikavurugika. Wenye kazi hii wanalijua balaa hilo. Programu ina kitufe kiitwacho Jipange, ambacho hupanga visanduku katika mistari iliyonyooka bila mtu kuvigusa. Lakini ukiondoa kimoja cha katikati, vilivyobaki huligombania pengo kama watu wanaogombania kiti. "Pumzika" kikapanda juu ya "Kula". Mishale miwili ikapita juu ya maneno. Alibofya Jipange mara tatu na kila mara ikawa afadhali ya jana. Zilikuwa zimebaki dakika kumi za mapumziko. Akatumia njia ya mkato: akaweka kisanduku kitupu mahali palepale pa dawa ya njano, kuta zake nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ndani hakuna neno, akapitisha humo mishale miwili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Alipobofya Jipange kila kitu kilikaa sawa, kama darasa lililosikia hatua za mwalimu.

Jioni akabandika karatasi mpya mwishoni mwa korido. Upande wa kushoto wa korido hiyo kulikuwa na mlango wa chumba cha kulala, upande wa kulia mlango wa jiko, na mbele palikuwa na ukuta mtupu ambao mkewe hangeweza kupita bila kuuona.

"Hapa katikati mbona pana pengo?" mkewe aliuliza, kidole juu ya karatasi.

"Ni nafasi tu."

"Mshale unaingia kwenye nafasi?"

"Unapita."

"Mimi naona unaingia," alisema, kisha akaenda kunywa dawa yake.

Siku iliyofuata, kama saa sita hivi, Bwana Chati alilifungua tena faili ofisini, kwa sababu mkewe alikuwa amelalamika kwamba herufi ni ndogo. Akaona kwamba mshale unaotoka "Pumzika" hauendi tena "Kula". Ulikuwa umejipinda kona mbili, ukaingia kwenye pengo jeupe. Hilo halikumshtua. Mishale hufanya hivyo. Aliushika ncha akaurudisha kwenye "Kula". Alipouachia, ukarudi kwenye pengo.

Akaanza kutafuta kosa kwa utaratibu, kama alivyowafundisha wengine. Alitazama kama mshale umeshikamana na nukta moja ya kisanduku au na kisanduku kizima, maana ulioshikamana na kizima hutangatanga kutafuta upande ulio karibu. Ulikuwa umeshikamana na nukta. Alizima Jipange. Aliwasha gridi, ile mistari hafifu ya miraba inayolazimisha kila kitu kukaa mahali pake. Alivifungua visanduku vyote kutoka kwenye kundi lao. Aliongeza ukubwa wa ukurasa, asije akawa anabana mambo bure. Baada ya kila hatua aliuvuta mshale hadi "Kula" na baada ya kila hatua mshale ulirudi, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua nyumba yake. Mara ya nne alisikia harufu ya unywele unaoungua. Aliweka kiganja kwenye tundu za hewa za kompyuta. Zilikuwa baridi.

Akampigia simu mkewe, bila sababu aliyoweza kuitaja.

"Unafanya nini?"

"Nimesimama."

"Umesimama wapi?"

"Koridoni. Mbele ya ukuta." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. "Nilikuwa nimepumzika, nikawa nakwenda kula. Nimefika hapa miguu ikakataa. Halafu ikakubali, nikapiga hatua kuelekea jikoni. Halafu ikanirudisha."

"Mara ngapi?"

"Ya nini kuuliza mara ngapi? Mara nne. Rudi nyumbani, tafadhali."

Alipofika, mkewe alikuwa amekaa sebuleni na amekula; miguu ilimwachia, alisema, simu ilipokatwa. Alisema huenda ni udhaifu tu wa ugonjwa, damu haijarudi mwilini. Lakini alipoinuka kwenda kufunga dirisha, Bwana Chati aliona jambo ambalo lilimfanya ashike mkono wa kiti. Kwa miaka kumi na tisa mkewe alikuwa akikata sebule kwa mshazari, akipita kati ya meza na kochi, na goti lake lilikuwa na alama ya kona ya meza ile. Sasa alikwenda moja kwa moja mpaka usawa wa dirisha, akasimama, akageuka mwili mzima kama askari wa gwaride, kisha akaenda moja kwa moja tena. Kurudi kulikuwa hivyohivyo. Kona zake zilikuwa za miraba.

"Mbona unatembea hivyo?"

"Natembeaje?"

Mkewe alikwenda chumbani kulala nusu saa kama chati ilivyosema, naye akafungua laptopu kwenye meza ya sebuleni. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado limo ndani, watoto wa jirani wanapiga mpira chini. Alijiambia kwamba mtu aliyesoma hujaribu kabla ya kuamini. Akakishika kisanduku kilichoandikwa "Lala" akakisogeza miraba miwili kushoto.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu.

"Usisukume kitanda!" mkewe aliita. "Nimelala!"

Alitaka kuita kwamba hajakigusa kitanda, kwamba yuko sebuleni, kwamba mikono yake iko juu ya kibodi, lakini kabla hajafungua mdomo aliona kwenye skrini kitu ambacho hakukichora, mstari mwembamba wa kijivu unaoanza kujitokeza kuzunguka lile pengo jeupe, upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama ukungu unaokauka kwenye kioo na kuacha alama ya vidole, na ile harufu ya unywele ikaja tena, safari hii kutoka koridoni, na mpira ukaendelea kupigwa chini, na mkewe akasema mle chumbani, kwa sauti ya usingizi, sasa si kwake, "Haya, nimesikia, nakuja."

Alhamisi hakwenda kazini. Alimpigia jirani yake wa meza, mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Bibi Gridi kwa sababu hakuvumilia kitu kilichopinda hata kwa upana wa unywele.

"Nitumie faili nilitazame," Bibi Gridi alisema.

"Sitaki liingie kwenye kompyuta yako."

"Lina kirusi?"

"Njoo tu, dada."

Alikuja mchana, mkoba begani, akampa mgonjwa pole, akamtania kwamba amemwona mumewe ofisini akikosa mahali pa kuweka mikono bila yeye. Mgonjwa alicheka akaenda kulala, kwa zile kona zake, na Bibi Gridi akayafuata kwa macho matembezi hayo. Kisha akakaa mbele ya laptopu. Alifanya yote aliyokwisha kuyafanya mwenzake, na mengine. Alinakili chati kwenye ukurasa mpya. Pengo likahama nayo, na mishale mitatu sasa ikawa inaingia humo. Aliamuru programu ichague kila kitu na kuhesabu.

"Vitu kumi na vitatu," alisema. "Mimi naona kumi na viwili."

"Cha kumi na tatu nilikiweka mimi. Ni cheupe."

"Basi tukitoe."

Chumbani, mgonjwa alikuwa akizungumza na shangazi yake kwenye simu. Sauti yake ilisikika wazi sebuleni: anasema jana alikula vizuri, kwamba uji ulikuwa mzito, umetiwa maziwa. Bibi Gridi alibofya Futa. Sauti ikakatika katikati ya neno. Haikushuka, haikukohoa, ilikatika kama redio iliyochomolewa. Bwana Chati alikimbia akamkuta mkewe ameketi kitandani, simu sikioni, mdomo wazi, macho wazi, na kifua hakipandi.

"Rudisha!" alipiga kelele. "Bofya Tengua! Dada, Tengua!"

"...na sukari kidogo tu," mkewe akamalizia, kisha akamtazama. "Unanitolea macho ya nini? Naongea na shangazi."

Aliporudi sebuleni, Bibi Gridi alikuwa ameikunja mikono yake kwapani kana kwamba kipanya kimemuunguza.

"Ulikiacha kitupu?" aliuliza kwa kunong'ona. "Ukapitisha mishale ndani ya kisanduku kisicho na neno?"

"Nilikuwa na dakika kumi."

"Wewe! Si kikiwa kitupu tunaandika humo hata nukta? Kila mtu pale anaandika nukta. Hata wanaokuja kujifunza wanaambiwa siku ya kwanza."

"Nilidhani ni usafi wa faili."

"Hata mimi nilidhani hivyo." Alitazama skrini, akavuta kiti nyuma. "Kaka, tazama."

Pengo halikuwa pengo tena. Mstari wa kijivu ulikuwa umefunga pande zote nne, na kisanduku kilikuwa kikigeuka polepole, kona juu, kona chini, mpaka kikawa almasi. Ndani yake herufi zilitokea moja moja, kama anayeandika hana mazoea. *Mume yupo?* Njia mbili zikajichora kutoka kwenye almasi ile. Ya Ndiyo ilizunguka ikarudi humohumo. Ya Hapana nayo ikarudi humohumo.

Bibi Gridi alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, machozi yakimlengalenga. "Tatizo la mpangilio ningelitatua," alisema. "Hili si langu. Tafuta mtu, kaka, na usibofye kitu chochote."

Mtu alikuwa yule shangazi wa kwenye simu. Alikuwa fundi cherehani, si wa kushona bali wa kutengeneza mashine zenyewe, mwenye vidole vyeusi vya mafuta na ulimi usiolala. Na katika ukoo wa mkewe ilijulikana, ingawa haikusemwa mbele ya wasomi, kwamba mtu akiingiliwa na pepo ni yeye huitwa. Alifika Ijumaa saa tano asubuhi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Umekonda kuliko mgonjwa. Yuko wapi?"

Alikuwa koridoni. Tangu alfajiri hakuweza kutoka pale. Kila alipotaka kwenda, mwili ulimgeuza akaelekea ukuta, na sasa alikuwa amesimama karibu nao kiasi kwamba pumzi yake ilitia unyevu kwenye rangi. Bwana Chati alikuwa amembandua mara tatu kwa nguvu zake zote. Mara ya tatu mkewe alilia kwamba anamvunja.

"Shangazi," mgonjwa alisema bila kugeuka, "kuna mtu anapumua upande ule."

"Upande ule kuna nini, mkwe?"

"Hakuna kitu. Ni hewa tu. Tuko ghorofa ya tatu."

Shangazi aliuma mdomo. Hakuwasha kitu, hakutoa kitu mkobani. Aliketi sakafuni, akamketisha binti wa kaka yake, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, na akamwagiza Bwana Chati akae karibu, laptopu mapajani. "Mimi kompyuta siijui," alisema. "Nijuacho ni kwamba chumba kikijengwa na mlango ukaachwa wazi, mpita njia haulizi. Nitamsemesha kwa mdomo. Wewe soma tu atakachosema, usiongeze wala usipunguze." Akaugeukia ukuta. Sauti yake ikawa ya adabu, ya mtu anayebisha hodi kwa wakubwa. "Mgeni, nani kakukaribisha hapa?"

Kwenye skrini swali la almasi lilifutika, na maneno mengine yakaja.

"Amesema, 'Nilijengewa,'" Bwana Chati alisoma.

"Nani alikujengea?"

"'Huyu anayesoma.'"

"Huyu ni mjinga wa mambo yenu, msamehe. Unataka nini kwa mtoto wangu?"

Harufu ya unywele ilijaa korido mpaka macho yakawasha. Herufi zilikuja haraka zaidi sasa. "Anasema, 'Simwiti. Njia zote zinamleta.'"

Ilikuwa kweli. Bwana Chati alipitisha macho juu ya chati na kuona kwamba kila mshale, wa "Amka", wa "Kunywa maji", wa "Kula", wa "Pumzika", ulikuwa umejipinda kona zake za miraba ukaingia mle ndani, na hakuna hata mmoja uliotoka. Akasahau kwamba ameambiwa asome tu. "Nichukue mimi," alisema, na kabla shangazi hajamzuia aliandika jina lake mwenyewe ndani ya almasi, herufi kwa herufi.

Jina likakaa kwa muda wa pumzi moja. Kisha likafutika, na mahali pake pakaja neno moja.

"Amesemaje?" shangazi aliuliza.

Bwana Chati alisogeza uso karibu na skrini. "Amesema, 'Hayumo.'"

Aliitazama chati aliyoichora kwa upendo, kwa saa mbili za jioni moja, akihakikisha kila herufi inasomeka. Kulikuwa na maji, dawa, uji, usingizi, dirisha la kufungua na dirisha la kufunga. Kulikuwa na "Ukisikia kizunguzungu, keti chini". Hakukuwa popote na kisanduku cha mume. Alikuwa amempangia mkewe siku nzima ambayo yeye hayupo ndani yake, na hilo halikumjia akilini hata mara moja, kwa kuwa mchoraji hajichori. Akaweka kisanduku kipya, akaandika "Mume", akauvuta mshale wa kwanza ukagusa, ukateleza. Akauvuta wa pili, ukateleza. Akavuta wote mmoja baada ya mwingine, akawasha hiki akazima kile, akashikamanisha kwa nukta, akashikamanisha kwa kisanduku kizima, akilia sasa bila sauti, akikiomba kitu asichokijua kwa maneno ya kitaalamu asiyoyaelewa yeyote mle koridoni, na kila mshale ukagusa ukuta wa kile kisanduku chake kipya na kuteleza kama maji ya mvua kwenye kioo, ukarudi kule ulikotaka, na mkewe, kila mshale uliporudi, alijongea upana wa kidole kuelekea ukutani.

"Acha, mkwe," shangazi alisema. "Acha. Unamsukuma."

Akaacha.

Tangu hapo shangazi alisema peke yake. Alisihi, alikaripia, akasihi tena. Kijasho kilimtoka kikaloanisha kitambaa cha kichwani. Bwana Chati alisoma majibu mafupi mafupi, na mengi yalikuwa Hapana. Ilipogonga saa tisa, shangazi aliulaza uso wake kwenye bega la binti wa kaka yake, akabaki hivyo, kisha akainuka kwa kushika ukuta, mzee kuliko alivyoingia.

"Nimefika hapa tu," alisema. "Amekubali kutomvusha. Kumrudisha amekataa. Atakula, atasema, atakutambua. Lakini hapo alipo ndipo atakapokuwa."

"Kwa muda gani?"

"Mkwe wangu, na mimi ni fundi. Ningejua ningekwambia."

Mkewe alikuwa amegeuka, mgongo umeegemea ukuta. Rangi ilikuwa imemrudi usoni. Alijaribu kuinuka, akaenda hatua moja, miguu ikagoma pale ambapo kigae cha tatu cha sakafu kinaanza. Akarudi akaketi. Alimtazama mumewe, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Basi unilete mto, Bwana Chati. Ukuta wenyewe una baridi kama roho ya karani."

Asubuhi iliyofuata Bwana Chati aliamka kabla ya jua, pale sakafuni alipolala kando yake. Katika kazi yake kuna jambo la mwisho ambalo mtu hufanya baada ya kushindwa mengine yote: kisanduku kimoja kikikataa kusogea, unakifunga palepale kilipo, na unapanga vingine vyote kukizunguka. Akachukua futi akapima korido. Akatoa mlango wa jiko kwenye bawaba zake, kisha mlango wa chumba, akaiegemeza sebuleni. Alileta kwanza jiko la gesi na mtungi wake, akaviweka mahali ambapo mkewe angefikia kwa mkono. Akaleta ndoo ya maji yenye mfuniko, kikapu cha dawa, kioo, taa. Alikifungua kitanda vipande vipande, akakipitisha, akakifunga tena, huku mkewe akimwelekeza na kumcheka pale alipoweka ubao wa miguu upande wa kichwa. Saa moja na nusu alimpigia mkuu wake wa kazi kusema kwamba hatarudi, akasikiliza maswali, akasema ndiyo, ana uhakika.

Kisha akakisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta.

Upande wa pili, kule ambako hakuna sakafu, miguu ya kitanda kingine ikakwaruza polepole, ikakaribia, ikagusa pia.

Mkewe alimtazama. Bwana Chati alisimama kidogo, mikono juu ya ubao wa kitanda, kisha akaenda kuchukua meza.